Kifafa cha uvimbe wa ubongo: upasuliwe sasa au ungoje?

Tangu tugusie hapa kifafa kinachoanza ukubwani, ujumbe umemiminika, na karibu wote unauliza jambo lile lile: picha imeonyesha uvimbe, je, wembe sasa au baadaye? Nimechagua maswali matano.

*Daktari, nina miaka 34, naendesha boda Kawempe. Mwaka jana nilianguka stegi mbele ya wenzangu. MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) ilionyesha uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, wakasema ni ule unaokua polepole. Namezeshwa dawa ya kifafa, levetirasetamu, na sijaanguka tena. Sasa mpasuaji anataka kunifungua kichwa. Kama dawa inafanya kazi, haraka ya nini?*

Dawa inafanya kazi juu ya kifafa, ndugu yangu. Juu ya uvimbe haifanyi lolote. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya: wanaona kuanguka kumekoma, wanadhani na ugonjwa umekwisha.

Uvimbe wa namna hiyo kwa mtu wa umri wako mara nyingi ni glioma ya daraja la chini, yaani uvimbe uliotokana na seli za ubongo wenyewe. Unakwenda polepole, ni kweli, lakini hausimami. Mwaka hadi mwaka unapenya kwenye ubongo wenye afya ulio jirani, na mwingi wa aina hiyo hatimaye hugeuka kuwa saratani kali. Ukiwa bado mdogo, mpasuaji ana nafasi ya kuutoa mwingi bila kugusa mahali pa kuongea au pa kusogeza mkono. Ukishasambaa, nafasi hiyo imekwenda.

Kuna ulinganisho kutoka Norway uliochapishwa mwaka 2012 ambao huwa nauelezea wagonjwa. Hospitali mbili zilikuwa na desturi tofauti: moja ilipasua mapema, nyingine ilichukua kipande kidogo cha kupima kisha ikangoja na kuangalia. Mgonjwa alipelekwa kule au huku kutegemea tu anaishi wapi. Baada ya miaka 5, kwa waliokuwa upande wa kupasua mapema, 74 kati ya 100 walikuwa hai. Upande wa kungoja, 60.

Na kifafa chenyewe? Wanaopasuliwa glioma za aina hii hupumzika na kifafa takriban 7 kati ya 10, na wanaotolewa uvimbe wote wana bahati zaidi ya wale wanaobakiziwa.

Zipo sababu halali za kuchelewa. Uvimbe ukikaa juu ya sehemu ya lugha, ni afadhali kungoja timu inayoweza kukupasua ukiwa macho na unaongea, ili wasikate maneno yako. MRI ya zamani inabidi irudiwe. Presha na sukari ziwekwe sawa. Muulize mpasuaji: uvimbe uko umbali gani na sehemu ya kuongea, na anatarajia kutoa kiasi gani? Akikujibu kwa kukuonyesha kwenye picha, kaa naye. Hili ni jambo la wiki kadhaa, pengine miezi michache. Si la usiku wa leo, wala si la "tuone baada ya uchaguzi".

Pikipiki mpe mwenzako aiendeshe mgawane hesabu ya siku. Hata kama hujaanguka karibuni.

*Daktari, habari ya kazi. Binti yangu ana miaka 11, tuko Busia. Miaka mitano sasa anabung'aa ghafla, anatafuna mate, anavutavuta gauni, halafu hakumbuki. Kabla ya hapo husema ananusa kitu kinaungua. Ameshapewa dawa za kifafa: fenobabitoni, kabamazepini na ya tatu. Kanisani wanasema ni mapepo.*

Mama, ulivyoeleza ni vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazozisoma. Harufu ya kuungua, kubung'aa, kutafuna, kuvuta nguo: hicho ni kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio. Waombee watoto wote, lakini huyu apigwe MRI.

Kwa kawaida tunasema dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa na kumezwa sawasawa zikishindwa, kifafa ni sugu. Binti yako alishapita hapo zamani. Na picha ikionyesha uvimbe, hatungojei hata hizo dawa mbili zishindwe, tunaanza mazungumzo ya upasuaji pale pale. Watoto wana vivimbe vyao, ganglioglioma na DNET, ambavyo si kawaida kuwa saratani. Kazi kubwa ya vivimbe hivyo ni kuleta kifafa. Vikitolewa, takriban watoto 8 kati ya 10 hawaanguki tena, na matokeo ni mazuri zaidi kwa aliyeugua mwaka mmoja au chini yake kabla ya kupasuliwa. Kifafa kikikaa, ubongo wa jirani nao hujifunza kurusha cheche, na siku uvimbe ukitoka jirani anaendelea.

Usiridhike na skani ya CT peke yake, inaweza kuvipita hivyo vidogo. Mbale si mbali na kwenu: hospitali ya CURE inahudumia watoto wenye matatizo ya ubongo, na upasuaji wa kifafa wa sehemu hiyo hiyo ya pembeni umewahi kufanyika pale. Anza nao. Dawa asiache hata siku moja.

*Niko Nakivale. CT ilionyesha doa kichwani, nikajua ni kansa. Mbarara wamenipa dawa ya minyoo na kunipima HIV. Wananidharau?*

Hapana, wamefanya kazi yao. Huku kwetu doa la ubongo linaloleta kifafa linaweza kuwa mabuu ya mnyoo tegu wa nguruwe yaliyofika kichwani, kifua kikuu cha ubongo, au toksoplasma, kijidudu kinachoshambulia ubongo wa mwenye HIV. Yote hayo mara nyingi hutibiwa kwa vidonge, na kumfungua mtu kichwa kwa sababu ya mnyoo ni hasara. Dawa ya minyoo isimezwe bila ile ya kuzuia ubongo kuvimba inayotolewa pamoja nayo, maana mnyoo ukifa ubongo huvimba. Nenda tarehe ya kurudia picha. Doa likikataa kupungua, hapo ndipo habari ya mpasuaji inapoanza. Na kama unameza ARV, waambie kabla ya kuandikiwa fenobabitoni au kabamazepini, kwa sababu hushusha nguvu ya dolutegraviri, moja ya ARV hizo.

*Baba yetu, miaka 61, Arua. Ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, mkono wa kulia umelegea, kichwa humuuma alfajiri na anatapika. Ndugu wanataka tuuze tumbaku kwanza.*

Msingoje tumbaku. Mpelekeni hospitali ya rufaa leo. Wakimpa deksamethasoni huenda kesho kutwa akaamka anatembea na kuomba chai, na ndugu watasema amepona. Hajapona. Dawa hiyo imepunguza maji yaliyozunguka uvimbe, na imewanunulia siku chache za kupanga safari ya Kampala. Akishikwa kifafa njiani mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni; kikizidi dakika 5, hospitali iliyo karibu ndiyo ya kwanza.

*Nilipasuliwa miezi mitatu iliyopita, sijaanguka. Naweza kuacha dawa?*

Bado. Kupunguza huja baada ya mwaka au zaidi bila kuanguka, kidogo kidogo, na baada ya MRI safi. Dawa ikiisha kituoni kwenu, tafuta kabla ya kidonge cha mwisho, maana kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma.