Usiuze gari la zamani kabla jipya halijafika

Februari 2021 niliagiza gari jipya, nikaahidiwa miezi 3. Wiki ileile nikauza la zamani, kwa sababu lilipata bei nzuri mno. Jipya lilifika baada ya miezi 11. Muda wote huo nilikuwa mtu wa kuomba lifti, na mtoto mgonjwa nilimpeleka hospitali usiku kwa gari la jirani. Sitaki yakupate wewe.

Nilidhani viwanda vilivyofungwa kwa sababu ya korona vikishafunguliwa, mambo yatanyooka. Kumbe gari lina maelfu ya sehemu, na likikosa moja tu halitoki. Februari 2020 Hyundai ilisimamisha viwanda vyake Korea Kusini kwa kukosa nyaya zilizokuwa zikitengenezwa China. Kisha ikaja shida ya chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari. Mauzo yalipoanguka, kampuni za magari zilipunguza oda zake, na watengenezaji wa chipu wakawahudumia wa kompyuta na simu, maana watu waliofungiwa nyumbani walizigombania. Wanunuzi wa magari waliporudi mapema kuliko ilivyodhaniwa, kampuni zikajikuta nyuma ya foleni, na chipu moja huchukua miezi kutengenezwa. Hata Toyota, iliyojiwekea akiba ya chipu baada ya tetemeko la Japani la 2011, ilipunguza mpango wake wa uzalishaji wa Septemba 2021 kwa asilimia 40. Ford nayo iliegesha maelfu ya magari yaliyosubiri chipu tu.

Kwa hiyo janga jingine likizuka, kaa na gari lako. Lifanyie sevisi, nunua mapema vipuri vinavyochakaa haraka. Utapewa bei ya kukutoa udenda; ikatae, kwa sababu la kulirithi utalinunua kwa bei iliyopanda vilevile. Ukilazimika kuagiza, masharti ya kurudishiwa malipo ya awali yaandikwe, pamoja na orodha ya vitu vilivyoondolewa kwenye gari kwa kukosa chipu. Mimi nilikabidhiwa ufunguo mmoja wa rimoti badala ya miwili, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku ya kukabidhiwa, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Tarakimu 4 za mwisho wa namba ya DOT, ile inayoanza na herufi hizo, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zangu zilisomeka 2621, yaani mwisho wa Juni, nami nilikuwa nalipokea Januari. Nikahisi huenda limeegeshwa miezi, nikaomba betri ipimwe mbele ya macho yangu. Ilikuwa imechoka, wakaibadilisha kabla sijatia saini.