Maswali ya Wasomaji: Hedifoni za Studio

*Jambo yenu. Niko na chumba kimoja hapa Katuba, Lubumbashi, narekodi waimbaji na kumiksi humohumo. Nimeweka dola 150 za kaske (hedifoni). Fundi mmoja ananiambia ninunue ya wazi, eti ndiyo inasema ukweli. Mwingine ananiambia ya kufungwa. Nimsikilize nani?*

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anawaza kazi yake. Hedifoni zilizo wazi zina matundu mgongoni mwa kikombe. Hewa inapita, sauti haigongi plastiki na kurudi sikioni, na gitaa la solo na la mi-solo (lile la kati, linalojibizana na solo) unayasikia kila moja mahali pake. Lakini sauti hiyohiyo inatoka nje. Mwimbaji aliyesimama sentimita 20 kutoka kwenye maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, atakuachia kliki (mlio wa kumshikia mdundo masikioni) ndani ya traki yake. Wakati wa kurekodi hutaisikia. Utaisikia siku ya kumiksi, ukiweka kompresa, maana kompresa huinua vilivyo kimya: kati ya pumzi na pumzi, ti, ti, ti. Kuitoa hapo bila kuharibu sauti ya mwimbaji ni kazi ya kulia.

Kwa hiyo, chumba kimoja na hedifoni moja, nunua zilizofungwa. Kwa pesa yako tazama Sony MDR-7506 (omu 63, kipimo tunachokieleza kwenye swali linalofuata; ziko sokoni tangu 1991) na Audio-Technica ATH-M40x (omu 35). Zote mbili huuzwa karibu dola 100 Marekani, na kinachobaki kitaliwa na usafiri na forodha. Ukibahatika, Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 80 nayo itaingia.

Sony inang'aa juu. Kila mate na kila "s" ya mwimbaji utaiona, jambo zuri sana unaposafisha traki, lakini baada ya saa mbili masikio yanachoka na mkono unaanza kupunguza sauti za juu kupita kiasi. DT 770 ina ugonjwa huohuo kuzunguka Hz 8,000 (mitetemo 8,000 kwa sekunde), na besi yake ni nene. M40x ni tulivu zaidi, na kwa mtu anayerekodi na kumiksi, sisi tungeichukua hiyo. Waya wake pia unachomoka: mwimbaji akiukanyaga, unanunua mwingine. Wa Sony haubanduki, ukikatika ni kuchomea kwa risasi. ATH-M50x, ambayo kila mtu anaitaja, ina besi iliyonona. Ukiiamini, utapunguza besi, na wimbo utatoka mwembamba.

Kliki ikiendelea kuvuja hata kwenye zilizofungwa, punguza sauti yake, chagua mlio mnene badala ya ule mkali wa kama kijiti, na uizime kabisa kwenye mistari ya mwisho ambapo sauti inafifia.

*Mimi ni mwanafunzi, naishi Kampemba. Nimenunua DT 990 Pro ya omu 250. Nikiiunganisha kwenye simu sauti ni ndogo, na besi kama haiko. Wameniuzia mbovu?*

Hapana, dada, haijaharibika. Omu ni kipimo cha jinsi waya wa ndani unavyozuia umeme. Simu au kompyuta ikitoa volti 1, hedifoni ya omu 32 inapata miliwati 31 hivi, ya omu 80 miliwati 12, na yako miliwati 4 tu. Inalia, ila haibaki akiba ya kupokea pigo la kiki (ngoma kubwa ya mguu), na simu nyingi hata hiyo volti 1 hazifiki. Unahitaji kadi ya sauti yenye tundu zuri la hedifoni, au ampli (kikuza sauti) ndogo ya hedifoni. Kabla ya kulipa, nenda nayo dukani, cheza wimbo unaoujua, na utazame kitufe cha sauti: kama sauti inakutosha kikiwa nusu au theluthi mbili, chukua. Kama lazima ukifikishe mwisho, kifaa hicho kiache.

Jua pia kwamba DT 990 ni ya wazi. Usimpe mwimbaji.

*Kaske ya bluetooth inaweza kumiksi?*

Kusikiliza kazi iliyokwisha, ndiyo, maana wateja wako watasikiliza hivyo. Kurekodi, hapana: sauti inachelewa milisekunde 100 hadi 300, na hakuna mpiga gitaa atakayekaa kwenye mdundo. Nyingine huja na waya wa kuchomeka. Ukiutumia, ucheleweshaji huo unaondoka.

*Niko na kikundi cha rumba, Kamalondo. Wimbo kwenye kaske unakuwa mzuri kabisa. Tukiupeleka kwenye mabafle (spika kubwa) ya baa, besi inaunguruma, sauti ya mwimbaji inakuwa kavu, na gitaa moja linapotea. Kuran (umeme) ikikatika tunafanya kazi na grupu (jenereta). Shida ni kaske?*

Papa, umetaja mambo matatu, na kila moja lina chanzo chake. Tuanze na besi, kwa sababu jibu umelileta mwenyewe bila kulitazama: grupu. Jenereta ndogo ya petroli yenye injini ya stroku nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kama inavyotakiwa ili itoe umeme wa Hz 50, hulipua mara 25 kwa sekunde. Mvumo wake basi unakaa kwenye Hz 25, 50, 75 na kupanda. Waya mnene wa gitaa la besi ni Hz 41, na kiki inapiga humohumo. Hedifoni zilizofungwa huzuia vizuri kelele za juu, watoto na pikipiki, lakini kuanzia Hz 100 kushuka hazizuii karibu chochote. Mvumo unaingia, unafunika besi yenu, fundi anaongeza. Ndani ya baa hakuna jenereta masikioni, na nyongeza yote inabaki wazi.

Dawa yake haina gharama. Grupu likiwaka, fanyeni kazi za kukata, kupanga na kusafisha, na kompyuta ichaji. Betri ikijaa zimeni, tumieni kadi ya sauti inayokula umeme wa USB, na katika saa hiyo moja au mbili amueni kiki na besi tu. Wekeni pembeni wimbo wa rumba uliotengenezwa vizuri, mushushe sauti yake ilingane na ya wimbo wenu, mrukeruke kati ya hizo mbili. Kitufe cha sauti kitieni alama ya karatasi na kisitoke hapo, maana sikio husikia besi kubwa zaidi sauti ikipanda na ndogo ikishuka. Mtu asiponyanyua sauti na bado mnamsikia akiwa hatua moja kutoka kwenu, kiwango hicho kinafaa. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaweka desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: kwenye 94 ni saa moja tu.

Ukavu wa mwimbaji unatokana na hedifoni zenyewe. Mbele ya mabafle mawili, sikio la kulia husikia pia bafle la kushoto, kwa kuchelewa kama robo ya milisekunde. Kwenye hedifoni hakuna hiyo. Kila sikio limefungiwa upande wake. Mwangwi unasikika wote, hata mkia wake mdogo, na fundi anaona unatosha kumbe ni haba. Ongezeni kidogo kuliko masikio yanavyotaka, kisha sikilizeni kwenye spika yoyote, hata ya redio.

Gitaa linalopotea ni habari ya mono. Baa nyingi huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Kama gitaa lilipanuliwa kwa plagini (programu ndogo ya kubadili sauti) ya stirio, au traki moja ilinakiliwa ikacheleweshwa kidogo upande wa pili, pande hizo mbili zikikutana zinafutana. Bonyezeni mono kwenye programu yenu kila baada ya muda. Gitaa likizama, ondoeni plagini, lirekodiwe mara mbili kweli, mpigaji apige tena kutoka mwanzo. Hapo kulia na kushoto hazitafutana.

*Napewa MDR-7506 iliyotumika. Nitajuaje kama ni nzima, na kama ni ya kweli?*

Ya kweli ina waya wa kujikunja unaofika mita 3 ukivutwa, jeki ndogo ya mm 3.5, na adapta ya mm 6.35 inayofungwa kwa kuzungushwa kama parafujo, si ya kusukumwa. Bila waya ina gramu 230 hivi. Nyepesi kama kikombe cha plastiki? Rudisha.

Kuhusu uzima, njoo na simu yenye vitu viwili: sauti ya mono, na mlio unaopanda polepole kutoka Hz 20 hadi 20,000. Mono ikae katikati ya kichwa. Ikivutwa upande, geuza hedifoni: kama mvuto unahama nazo, kispika kimoja kimechoka, kama unabaki sikio lilelile, nenda ukasafishwe sikio. Kisha tikisa waya karibu na jeki na karibu na kikombe, usikilize kama upande mmoja unakatika.

Mlio ukipita kati ya Hz 30 na 100, tega sikio kwa mngurumo wa kukwaruza. Usikate tamaa mapema, mara nyingi ni unywele ulioingia ukagusa utando wa kispika. Bandua mto, inua sponji nyembamba, uutoe kwa ncha ya selotepu bila kugusa utando, ujaribu tena. Mito iliyochunika au iliyolala si sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kushusha bei: besi inavuja pembeni mpaka uweke mipya.