Maswali kwa Bi Mwalimu: Vipepeo wa baada ya masika

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu vipepeo, na sishangai. Masika yakishakatika huku kwetu Gede kila kichaka kinatoa majani mapya, na penye jani jipya pana yai. Kikundi chetu cha kutazama vipepeo hutoka Jumamosi asubuhi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na wiki hizi tunarudi na madaftari yaliyojaa. Nitajibu kwa kutegemea tunayoyaona huko. Ombi langu kwenu ni lile ninalowapa wageni wa kikundi: ukimwona kipepeo usitosheke na rangi zake, uliza mwanawe anakula nini.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nina mndimu mmoja mkubwa uani na miche sita ya michungwa. Tangu mvua ianze nakuta viwavi kwenye majani. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Wakubwa ni wa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe nyekundu zinazonuka. Jirani ananiambia nipulize dawa. Nipulize? (Mama wa watoto watatu, Kilifi)

Marahaba, mwanangu. Usipulize.

Hao ni wana wa kipepeo ambaye bila shaka unamjua: mkubwa, mweusi, mwenye mabaka ya manjano, na hata anapofyonza maua mabawa yake hayatulii. Wataalamu humwita Papilio demodocus, naye yupo karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutaga yai moja moja, la mviringo, la manjano iliyopauka, kwenye jani changa. Kiwavi akiwa mdogo hujifanya kinyesi cha ndege ili ndege wampite. Akishakua mno kwa uongo huo huvua ngozi akatokea kijani, rangi ya jani lenyewe. Zile pembe hukaa zimefichwa nyuma ya kichwa, na harufu yake huwafukuza sisimizi na wadudu wengine wanaomwinda. Wewe na watoto haziwadhuru.

Mndimu mkubwa utavumilia. Miche ni habari nyingine, maana kiwavi mmoja aliyekomaa anaweza kuuacha mche mdogo mtupu. Pita asubuhi, waokote kwa mkono, uwahamishie kwenye mndimu. Dawa haichagui: itaua nyuki wanaozuru maua ya ndimu zako, na itaua nyigu wadogo sana wanaotaga mayai yao ndani ya viwavi hao na kukupunguzia idadi yao bila malipo.

Na ujue kwamba aliyehamia si yeye. Michungwa na mindimu asili yake ni Asia. Kipepeo huyu alikuwa akilea wanawe kwenye miti ya mwituni ya ukoo huohuo, na bado analea huko. Tulipopanda michungwa uani ndipo alipotufuata nyumbani.

Kwa kuwa una watoto, wape kiwavi mmoja mkubwa wamlee. Tia tawi la mndimu kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba asije akazama, uweke yote ndani ya kapu lililofunikwa kwa chandarua kikuukuu. Majani yabadilishwe kila siku. Siku moja ataacha kula, atajifunga uzi kiunoni, awe pupa, ya kijani au ya hudhurungi kufuatana na mahali alipojishika. Kwa joto la Kilifi hutoka baada ya wiki mbili au tatu. Atatoka mabawa yamekunjamana; asiguswe mpaka yanyooke na kukauka. Kisha mfungulieni.

Bi Mwalimu, mimi ni dereva wa lori. Kati ya Voi na Mtito Andei nimekutana na vipepeo weupe wanaokatiza barabara, wengi ajabu, wote wakielekea upande mmoja, siku baada ya siku. Wenzangu wanasema ni dalili ya ukame unaokuja. Wanatoka wapi, na wanaenda wapi? (Msomaji, Voi)

Wanatoka kwenye nyika yenyewe unayoipita. Mvua ikinyesha vizuri kule Tsavo, vichaka vinavyoonekana vimekufa wakati wa kiangazi huchipua kwa pamoja. Majike hutaga kwa wingi kwa sababu chakula ni kingi. Baada ya wiki chache viwavi wamekula majani karibu yote, na kizazi kipya kinapotoka kwenye pupa hakina pa kutagia. Hapo ndipo wanapofunga safari. Kwa hiyo waambie wenzako kwamba kundi hilo linasimulia mvua iliyokwisha kunyesha. La ukame halijui.

Mara nyingi ndani ya kundi moja kuna aina mbili. Mdogo, mweupe mwenye mishipa na kingo nyeusi, ni Belenois aurota. Mkubwa zaidi, mweupe mwenye kijani kwa mbali, na jike lake pengine la manjano, ni Catopsilia florella, ambaye viwavi wake hula majani ya mwingajini na mimea mingine ya jamii ya mjohoro. Ukiwatazama vizuri utaona hawazungukii kizuizi. Wakikuta nyumba au lori lililosimama hupanda wakapita juu yake, kisha hushuka na kuendelea na mwelekeo uleule. Jua likifichwa na wingu hutua, likirudi huondoka.

Una kazi inayokupitisha njia moja mara nyingi, na hiyo ni bahati ambayo sisi wa Gede hatuna. Unapopumzika, chagua nguzo mbili kando ya barabara, hesabu wanaopita katikati yake kwa dakika moja, andika tarehe, saa, mahali, na wanatoka upande gani kwenda upande gani. Mistari minne tu. Ukifanya hivyo msimu hadi msimu utakuwa na kumbukumbu ambayo mtafiti yeyote wa vipepeo angeitaka.

Je, ni kweli unga wa mabawa ya kipepeo ukiingia machoni unapofusha? (Msomaji, Lamu)

Si kweli. Unga huo ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa, na ndiyo yanayobeba rangi. Jicho litawasha, ulioshe kwa maji safi. Anayeumia ni kipepeo, kwa kuwa magamba yakishatoka hayaoti tena.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza shule mwaka huu, niko nyumbani Msabaha. Nasikia mna kikundi. Mnafanya nini hasa, na mtu asiye na elimu ya wadudu anaweza kujiunga? Msimu gani ni bora? (Kijana, Msabaha)

Marahaba, karibu sana. Njoo hivyohivyo ulivyo. Macho na subira vinatosha kuanzia, majina yatakuja.

Tunakutana saa tatu asubuhi, si mapema zaidi, kwa sababu kipepeo hawezi kuruka vizuri kabla jua halijampasha mwili. Tunapita njia ileile kila mara, polepole, na tunahesabu wale tu walio ndani ya mita tano mbele yetu na mita mbili na nusu kila upande. Anayepita mbali zaidi, hata awe mzuri namna gani, hahesabiwi. Vijana hulalamika kuhusu sheria hii. Lakini bila hiyo huwezi kulinganisha Jumamosi moja na nyingine, na kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Njia hii ilianzia Uingereza katika miaka ya 1970 na sasa inatumika nchi nyingi.

Njoo na maji, kofia, daftari na penseli. Wino unayeyuka kwa jasho. Wavu uache nyumbani. Msituni hukamati kiumbe bila kibali, nasi hatuna haja ya kukamata. Simu yenye kamera inatosha kwa wale tunaobishania.

Na tunabishana sana. Sokoke kuna kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, anayeruka kwa madaha kana kwamba hamwogopi ndege yeyote, na kweli hana sababu ya kuogopa kwa kuwa mwili wake una sumu. Huyo ni Amauris niavius. Sasa yupo jike la Papilio dardanus ambalo limevaa sura hiyohiyo bila kuwa na sumu, huku dume lake likiwa la manjano hafifu lenye mikia mirefu, hata huwezi kudhani ni mke na mume. Wiki iliyopita tulisimama mbele ya kichaka kimoja tukimtazama mmoja weusi kwa weupe, wengine wakisema ni huyu, wengine yule. Aliyetuamulia ni yeye mwenyewe: alishuka akaanza kutaga kwenye kichaka cha mwituni cha jamii ya mndimu. Basi ni dardanus. Ndiyo maana nasisitiza mmea. Bawa linaweza kukudanganya, lakini mama hatagi penye majani ambayo mwanawe hawezi kula.

Kuhusu misimu: miezi mizuri kwetu ni Mei hadi Julai, na tena Novemba hadi Januari baada ya vuli. Sasa hivi njia yenye matope ndiyo ya kwenda. Madume hukusanyika juu ya tope wakifyonza chumvi, ambayo baadaye humpa jike wakati wa kujamiiana. Kwenye kivuli, chini kabisa, utamwona Euphaedra neophron mwenye utepe wa rangi ya chungwa juu ya bawa la buluu nzito. Ukimwona huyo mara ya kwanza hutasahau. Februari na Machi watu wengi hukata tamaa, mimi nazipenda. Ndipo Melanitis leda anapokuwa jani kavu hasa, hana hata doa moja la jicho chini ya bawa, ilhali ndugu zake waliotoka wakati wa mvua wana madoa ya macho yaliyo wazi. Hukaa juu ya majani makavu mchana kutwa na kuruka magharibi. Utamkanyaga kabla hujamwona.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa u kijana na unatafuta riziki. Hapa Gede mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakati ule majirani wengi walitaka msitu ukatwe wapate mashamba. Mradi uliwafundisha wakulima kulea vipepeo kwenye vizimba na kuuza pupa, ambazo husafirishwa haraka kwenda nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka. Wenzetu wa Amani, kule Usambara Mashariki nchini Tanzania, nao walikuwa na kazi kama hiyo. Mkulima wa vipepeo anahitaji msitu usimame, kwa sababu mbegu yake iko humo, na majani pia. Nakushauri ujifunze kwanza kutazama, kisha ukawaulize wakulima wenyewe kuhusu kulea.

Nimeona kipepeo mkubwa, mwenye mikia miwili kila upande, ametua kwenye embe lililooza, na siku nyingine kwenye kinyesi cha mbuzi. Maua yapo tele, hayataki. Anaumwa? (Msomaji, Malindi)

Ni mzima kabisa, na pengine ndiye mwenye nguvu kuliko wote uliowahi kuwaona. Ni wa kundi la Charaxes. Hawa maua hawayataki. Chakula chao ni utomvu wa miti, matunda yaliyochacha na kinyesi, ambamo hupata sukari, chumvi na virutubisho vingine. Ponda ndizi mbivu, uziache zichache siku mbili tatu kwenye kopo lililofunikwa, kisha uzipake kwenye shina la mti penye mwanga wa jua. Kaa mbali kidogo. Watakuja, na wakishaanza kufyonza utawakaribia kuliko ulivyotarajia. Tafadhali usiwashike.

Assalamu alaikum Bi Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Leicester na wanangu. Kila kiangazi shule yao inahesabu vipepeo. Je, yupo hata mmoja huku ambaye naweza kuwaambia wanangu kwamba na kwetu yupo? (Baba, Leicester)

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Yupo. Mtafute Vanessa cardui: rangi ya chungwa iliyofifia, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye madoa meupe. Huku Kenya anaonekana, hasa sehemu za wazi za bara. Huko kwenu hawezi kuumaliza mwaka, baridi humuua. Kila anayeonekana amefika kutoka kusini au ni mtoto au mjukuu wa aliyefika. Vizazi vinapokezana safari, kutoka Afrika hadi kaskazini ya Ulaya na kurudi. Mwaka 2009 walifurika. Watafiti walikadiria kwamba wapatao milioni 11 waliingia Uingereza majira ya kuchipua, na wapatao milioni 26 waliondoka majira ya majani kupukutika. Kabla ya hapo watu hawakuwa na hakika kwamba wanarudi, kwa kuwa warudio hupita juu sana, mita 500 na zaidi, ambako jicho halifiki. Rada ndiyo iliyowagundua. Siwezi kukwambia kwamba unayemwona Leicester babu yake alitoka kwetu. Wengi wa Ulaya huvuka Sahara kuelekea upande wa Sahel na magharibi. Lakini ni aina ileile moja, na wanao wanaweza kulisema hilo darasani bila wasiwasi.

Hesabu hiyo ya kiangazi, inayoendeshwa na shirika la Butterfly Conservation tangu 2010, huwataka mkae mahali pamoja dakika 15 tu na kuandika mliowaona. Fanyeni hata mkiwa uani kwenu, na msipoona hata mmoja tumeni sifuri yenu, maana nayo ni habari. Kama una kipande cha ardhi, acha magugu yenye miiba na maua ya zambarau yaote pembeni. Viwavi wa Vanessa cardui hula hayo. Na ukija likizo Mombasa baada ya masika, panda matatu ya Malindi, ushuke Gede Ijumaa jioni. Jumamosi saa tatu tutakuwa njiani.