Kabla hujalaumu geji: chembe zinavyobadilisha safari ya gesi kwenye mnara wa viputo

Mnara wa viputo ni chombo kirefu chenye kimiminika, ambamo gesi hupulizwa kutoka chini ipande kama viputo. Siku moja niliujaza wangu maji na unga laini wa kioo, nikafungua hewa kutoka chini, nikasubiri mambo yatulie, kisha nikasoma presha kwenye geji mbili zilizoachana kwa mita 1. Nikapiga hesabu ya sehemu ya ujazo iliyoshikwa na hewa. Jibu likaja asilimia 4 chini ya sifuri, na huku viputo naviona kwa macho yangu vikipanda. Nilikesha nikifungua geji, nikizisafisha na kuzirudisha. Hazikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye densiti. Hesabu ile inapima uzito wa kilichomo kati ya geji moja na nyingine, nami nilikuwa nimeacha densiti ya maji matupu, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Tope langu lilikuwa na chembe asilimia 20 kwa ujazo, na densiti ya kioo ni kama 2,500, kwa hiyo densiti ya tope ni 1,300. Ukiiweka hiyo, hewa inakuwa asilimia 20. Afadhali namba hasi, maana inakushtua. Chembe zingekuwa asilimia 10, kosa hilohilo lingenipa asilimia 8 badala ya 20, na ningeiamini, nikaandika kwamba chembe zimefukuza zaidi ya nusu ya hewa. Kwa hiyo unapolinganisha matokeo yako na ya wengine, uliza kwanza: asilimia hizo ni za uzito au za ujazo? Kwa kioo na maji, asilimia 20 ya uzito ni asilimia 9 tu ya ujazo.

Hesabu ikishakaa sawa, ndipo utaona kazi halisi ya chembe. Ni kweli zinapunguza gesi inayokaa ndani ya mnara, ila hazipunguzi viputo vyote kwa usawa. Mnara ukiendeshwa kwa kasi kubwa ya gesi huwa na viputo vya aina mbili: vidogo vya milimita chache, vinavyozungukazunguka na tope, na vikubwa vya sentimita kadhaa, vinavyopenya katikati na kutoka juu upesi. Chembe laini zikiongezeka, tope linakuwa zito na lenye mnato, viputo vidogo vinaungana kwa urahisi, na lile wingu jeupe la viputo vidogo linapungua mpaka karibu kuisha. Vile vikubwa haviguswi sana. Ndiyo maana ukiongeza chembe mwanzoni gesi hushuka kwa kasi, halafu mteremko unalegea: vidogo vimekwisha, vimebaki vikubwa.

Jambo hili lina uzito kwa sababu gesi huingia kwenye kimiminika kupitia ngozi ya kiputo. Gesi ileile ikikaa kwenye viputo vya milimita 30 badala ya milimita 3, eneo la mguso linapungua mara 10. Viwandani chembe hizo mara nyingi huwa kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko wa kemikali. Unakiongeza ukitarajia mmenyuko uende haraka, kumbe umefunga mlango ambao gesi ilikuwa ikiingilia. Hata mitambo mikubwa inayogeuza gesi kuwa nta na mafuta, kama ule wa kampuni ya Sasol wenye kipenyo cha mita 5 ulioanza kazi mwaka 1993 huko Sasolburg, Afrika Kusini, lazima wahandisi wake waupatanishe mvutano huo.

Ushauri wangu mkubwa basi: usiridhike na namba moja ya gesi yote. Funga valvu ya hewa ghafla na urekodi jinsi kina cha tope kinavyoshuka. Kwanza kinaporomoka, viputo vikubwa vinatoka. Kisha kinateremka polepole, vidogo vinaaga. Nilipofanya hivyo kwa maji matupu, ule mteremko wa polepole uliendelea kwa sekunde nyingi. Kwa tope la asilimia 20, kina kilianguka kwa mkupuo mmoja na mkia ukawa hauonekani kabisa. Hapo nilielewa zaidi ya nilivyoelewa kwa wiki nzima ya kuchora grafu. Valvu iwe karibu kabisa na sahani yenye matundu inayoingizia hewa chini ya mnara, la sivyo hewa iliyobaki chini yake itaendelea kupanda na kukuharibia kipimo. Ukimaliza, fungua hewa mara moja, kwani chembe zikilala juu ya sahani zitaziba matundu.

Mnara mwembamba nao utakudanganya. Kwenye bomba la sentimita 5, kiputo kikubwa kinajaza upana wote na kupanda kama kizibo, kitu ambacho hutakiona kwenye mtambo mpana. Mimi siendi chini ya sentimita 15.

Tena usichukulie kwamba kila unga una tabia hiyo. Chembe ndogo sana, zikiwa chache, zinaweza kuzuia viputo visiungane, na gesi ikaongezeka badala ya kupungua. Zile zinazokataa maji hung'ang'ania kwenye ngozi ya kiputo, na mwelekeo wake ni mgumu kuukisia kabla ya kujaribu. Chembe nene za milimita kadhaa zinaweza hata kuvipasua viputo. Kwa hiyo ukibadilisha unga, anza upya: pima maji matupu kwanza, ongeza chembe kidogo kidogo, na kila hatua chota sampuli chini, katikati na juu. Chini karibu kila mara kuna chembe nyingi kuliko juu, na densiti moja kwa mnara mzima itakurudisha kwenye ile hewa hasi niliyoanza nayo.