Jibu: Jeti yenye presha hasi

Ndugu, umesema uigaji wako wa jeti (mkondo wa gesi ya angani) ya Mach 40, yaani mara 40 ya kasi ya sauti, unakwama hatua chache tu baada ya kuanza, PLUTO (programu ya kuiga mwendo wa gesi angani) ikilalamika kuhusu presha hasi, na unafikiria kununua kompyuta kubwa. Usinunue kwanza. Tatizo liko kwenye hesabu.

Programu hutunza nishati yote kwa pamoja, kisha hutoa ile ya mwendo ili ipate presha. Kwa Mach 40 nishati ya mwendo ni karibu yote. Kosa dogo la ukadiriaji linameza kilichobaki, na presha inashuka chini ya sifuri. Badilisha HLLC iwe HLL (njia za kukokotoa mtiririko kati ya seli, vijisanduku vya gridi; HLL ni tulivu zaidi), tumia minmod (kizuizi cha miinuko mikali), shusha CFL (kinachopanga ukubwa wa hatua ya muda) hadi 0.3. Picha itafifia kidogo, lakini itakwenda.

Afadhali zaidi, anza na Mach 6, densiti ya jeti iwe 0.1 ya mazingira, vipimo viwili (2D) vyenye ulinganifu kuzunguka mhimili. Weka walau seli 20 kwenye nusu kipenyo cha jeti. Halafu pima kasi ya kichwa chake: kwa densiti hiyo, kama presha zimelingana, isogee takriban 0.24 ya kasi ya jeti. Ikiwa mbali sana na hapo, kagua mpaka unaoingizia gesi. Wengi husahau kuweka kasi na presha sahihi pale.

Vipimo vitatu (3D) visubiri. Humo, ukizidisha seli mara mbili kila upande, gharama inapanda mara 16, kwa kuwa hatua za muda nazo huongezeka mara mbili. Ila kujipinda kama kwa jeti ya galaksi M87 hutakuona kwenye 2D ya mhimili, hilo ukubali.