Kwotabeki wa akiba si wa kusukuma yadi moja

Dada mmoja wa Dallas, Mkenya mwenzangu, ameniandikia Jumapili usiku. Mwanawe yuko mwaka wa kwanza chuoni, kwotabeki namba mbili wa timu ya futiboli ya Kimarekani, yaani akiba wa yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mechi tatu za mwanzo wa msimu ameingizwa kwa jaribio moja moja tu (timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi), timu ikiwa imebakiza yadi moja au mbili. Anapokea mpira, anainamisha kichwa, anajipenyeza kwenye lundo la watu, kisha anarudi benchi. Kanisani watu wanampongeza mama kwamba kijana anacheza. "Nifurahi au nilie?" ameniuliza.

Dada, usilie bado. Ila hizo pongezi za kanisani zipokee kwa tahadhari.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa huyo kijana. Msimu wa 2007, chuo ambacho sitakitaja, kocha ambaye sitamtaja. Nilikuja Marekani kutoka Likoni nikiwa na miaka minane, na hadithi ya jinsi mtoto wa kivuko alivyoishia kurusha mpira wenye umbo la yai naiacha, nimeshaisimulia humu mara nyingi mno. Niseme tu kwamba chuo kilinilipia ada kwa ajili ya mkono wangu. Mkono, si mabega. Nilikuwa na kilo 84 nikiwa nimekula vizuri.

Sasa, anayekumbuka 2007 anakumbuka homa gani ilikuwa imewashika makocha. Mwaka uliotangulia, chuo cha Florida walikuwa na kwotabeki wa mwaka wa mwisho, Chris Leak, na nyuma yake kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Tim Tebow, mwenye zaidi ya kilo 100. Leak alirusha, Tebow akaingizwa pale penye yadi chache za kupigania. Alikimbia na mpira mara 89 msimu huo, akapata yadi 469 na tachidauni nane (kuufikisha mpira eneo la goli), na Januari 2007 Florida wakaichapa Ohio State 41 kwa 14 wakatwaa ubingwa wa taifa. Ndipo kila kocha wa chuo akaangalia benchi lake akitafuta Tebow wake. Wa kwangu aliangalia akaniona mimi.

Walichonakili ni nusu ya hadithi. Dhidi ya chuo cha LSU Oktoba 2006, Tebow alikimbilia mstari wa goli kama kawaida yake, mabeki wote wakamsogelea, naye akaruka juu na kuurusha mpira kwa mwenzake aliyekuwa peke yake nyuma yao. Tachidauni. Tangu siku hiyo hakuna beki aliyekuwa na hakika. Alirusha pasi 33 tu msimu ule, lakini alirusha, na kila aliyemkabili alijua kwamba anaweza kurusha. Mimi sikuruhusiwa hata moja. Kila nilipoingia, mabeki wa upande wa pili walikuwa wakiambiana kwa sauti, "Huyu anakimbia, huyu anakimbia," nami nakimbia kweli, na kuna Jumapili sikuweza kuinua mkono kuchana nywele.

Kisha ikaja siku yenyewe. Robo ya tatu, tuko nyuma kwa pointi nne, kwotabeki wetu wa kwanza akaumia goti. Kocha akanigeukia: ingia, rusha. Rusha kwa nani? Tangu Agosti nilikuwa nafanya mazoezi na kikosi cha kuigiza, wale wanaovaa viatu vya mpinzani wa wiki na kucheza mipango yake ili mabeki wetu wajizoeze. Nilikuwa naijua mipango ya vyuo vya wenzetu kuliko ya kwetu. Wapokeaji wetu wa kikosi cha kwanza sikuwahi kuwarushia zaidi ya pasi za kupasha misuli. Hata senta aliyekuwa akinipa mpira, mkono wake ulikuwa mgeni kwangu, na mpira wa kwanza ulinipiga kifuani. Ni sawa na mtu anayeitwa jikoni kila siku kugeuza ugali mara moja tu, halafu siku ya harusi anakabidhiwa sufuria la pilau. Pasi zangu mbili zilinaswa na wapinzani. Baada ya mechi kocha aliwaambia waandishi kwamba kijana hakuwa tayari.

Hakuwa tayari! Sentensi hiyo imekaa nami muda mrefu kuliko maumivu ya bega.

Na kuna la pili linaloniuma zaidi, ambalo wazazi wengi hawalijui. Mchezaji wa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hupewa miaka mitano kucheza misimu minne. Ule mwaka wa ziada huitwa redishati, na kwa kawaida ni mwaka wa kwanza, kijana anapojifunza na kunenepa bila kucheza mechi. Enzi zetu ukigusa uwanja mara moja tu, msimu mzima umeandikwa kuwa umeutumia, labda uwe umeumia. Kwa hiyo msimu wangu mmoja kati ya minne uliuzwa kwa yadi ambazo ukizikusanya hazivuki uwanja mmoja. Mwaka wa tatu nilipata jezi ya kuanza, na nilicheza vizuri. Takwimu zipo kwa anayezitaka, sitazitaja hapa. Lakini ule mwaka wa tano, ambao ningekuwa mkubwa na mwenye akili, haukuwepo.

Tangu 2018 kanuni imelegezwa: kijana anaweza kucheza hadi mechi nne na bado mwaka wake ukabaki. Hiki ni kitu kikubwa, na makocha wengi wanakichezea. Maana hesabu ni ya mechi, haitazami dakika. Akiingia kumkabidhi mwenzake mpira mara moja wakati mashabiki wameshaanza kutafuta magari yao, mechi hiyo imehesabiwa sawasawa na ile ambayo angecheza robo zote nne.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa kocha na kwa mzazi, ni mmoja: mpeni zamu nzima. Zamu nzima ya kushambulia, kuanzia jaribio la kwanza hadi timu ifunge au iupige mpira mbali kwa mguu kumwachia mpinzani, na kocha aipange tangu Jumatatu. Chagueni mechi nne. Semeni, katika mechi hii, zamu ya tatu ni yake, tuwe mbele au nyuma. Aingie akijua, alale Ijumaa akijua, na mwenzake namba moja naye aambiwe mapema asije akadhani ameadhibiwa. Na jaribio la kwanza la zamu hiyo liwe pasi. Fupi, rahisi, lakini pasi.

Kama unataka ushahidi, tazama usiku mmoja tu, tarehe 1 Desemba 2018, Atlanta, fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini, kati ya Alabama na Georgia. Sijui mechi nyingine inayofundisha somo hili vizuri hivyo.

Georgia walikuwa na Justin Fields, mwaka wa kwanza, akiba wa Jake Fromm. Mmoja wa vijana waliosakwa zaidi Marekani nzima mwaka huo. Msimu wote alikuwa akiingizwa vipande vipande, na pasi alizorusha ni 39. Mechi iko 28 kwa 28, zimebaki dakika tatu hivi, Georgia wana jaribio la nne na yadi 11 za kupata, katikati ya uwanja. Wanajipanga kama watakaopiga mpira mbali, ila Fields kasimama kati ya wapigaji. Mpira akapewa yeye. Sasa jiulize, kwotabeki akionekana kwenye kikosi cha kupiga mpira, beki gani wa Alabama hatashtuka? Akazimwa kabla ya kuzipata zile yadi 11. Miongoni mwa pasi na mbio zote ambazo kipaji kile kingeweza kutoa, huko Georgia watu walimkumbuka kwa hiyo moja.

Upande wa pili, Tua Tagovailoa aliumia, na akaingia Jalen Hurts. Hurts hakuwa mwaka wa kwanza. Alikuwa ameanza mechi misimu miwili, akaondolewa, akabaki benchi bila kununa. Lakini alikuwa ameendelea kufanya mazoezi na mipango ya kweli na kupewa dakika za kweli. Akarusha tachidauni, kisha ikiwa imebaki dakika moja na kitu akakimbia mwenyewe yadi 15 hadi eneo la goli. Alabama 35, Georgia 28. Vijana wawili wa akiba, uwanja mmoja, usiku mmoja. Mmoja alitumiwa kama ujanja, mwingine kama kwotabeki.

Fields akahamia Ohio State, Hurts akahamia Oklahoma. Mwaka uliofuata, kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, zilipohesabiwa, Hurts alikuwa wa pili na Fields wa tatu. Aliyewashinda, Joe Burrow wa LSU, naye alikuwa amekalia benchi Ohio State kabla ya kuhama. Watatu wote. Kocha anayesoma hapa, kama wapo, akae na hilo kidogo.

Mtu ataniambia, je, Tua mwenyewe? Januari 2018, tena Atlanta, tena Georgia, Alabama wako nyuma 13 kwa bila wakati wa mapumziko, kocha wao Nick Saban anamtoa Hurts na kumwingiza kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii. Anarusha tachidauni tatu, ya mwisho ikiwa pasi ya yadi 41 kwa DeVonta Smith katika muda wa nyongeza, mara tu baada ya kuangushwa na kupoteza yadi 16. 26 kwa 23, ubingwa. Watu huisimulia kama muujiza. Sikubali. Msimu ule mzima, kila Alabama walipokuwa mbele kwa mabao ya kutosha, Tua aliingia na kurusha; hakuambiwa ashike mpira tu saa iishe. Na DeVonta Smith, aliyeipokea ile pasi, alikuwa kijana wa mwaka wake. Mikono yao ilikuwa inafahamiana.

Nakiri njia hii ina gharama. Clemson walianza 2018 wakimgawia Trevor Lawrence, mwaka wa kwanza, zamu zake pembeni ya Kelly Bryant, aliyekuwa amewafikisha nusu fainali mwaka uliopita. Baada ya mechi nne Lawrence akapewa namba, na Bryant, akiitumia ileile kanuni ya mechi nne, akaondoka. Wiki hiyohiyo, dhidi ya Syracuse, Lawrence akaumia. Akabaki Chase Brice, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, akawaongoza yadi 94 hadi tachidauni ya ushindi, 27 kwa 23. Clemson wakamaliza msimu bila kufungwa na kuwapiga Alabama 44 kwa 16 kwenye fainali. Je, bila Brice ingekuwaje? Kwa hiyo usimwandae namba mbili tu. Namba tatu naye ana mama.

Naona nimeanza kuhubiri, na bado sijamaliza.

Wazazi wenzangu wa Kiafrika huku, tumezoea kuheshimu kocha kama tulivyoheshimu mwalimu mkuu. Ni vizuri. Lakini heshima isiwe sababu ya kutouliza. Mama yangu aliketi jukwaani msimu mzima akiwa amevaa leso juu ya koti, akipiga kigelegele kila nilipoinuka kutoka kwenye lundo, na hakuna aliyemwambia kwamba kila kigelegele kilikuwa kinakula mwaka wa mwanawe. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Wakati huo wenzetu waliokulia kwenye mchezo huu, baba zao waliijua kanuni kwa nambari. Someni kanuni. Muulizeni mtoto anafanya mazoezi na nani, Jumanne na Jumatano, maana kuonekana kwenye televisheni Jumamosi si kipimo cha kitu.

Tena msikimbilie dirisha la uhamisho. Naona siku hizi kijana akikaa benchi mwezi mmoja, nyumbani wanaanza kutaja vyuo vingine. Fields na Burrow walihama, ndiyo, lakini walimaliza kwanza kilichokuwa mbele yao.

Sasa dada wa Dallas. Usimpigie kocha simu. Kwa ngazi hii simu ya mzazi humwaibisha mtoto. Aende kijana mwenyewe kwa kocha wa makwotabeki, kabla ya mazoezi ya Jumanne, amuulize mambo mawili: wiki hii nitarusha mara ngapi na kikosi cha kwanza, na mmepanga kuniokolea mwaka wangu au la? Ajibiwe kwa idadi. Akijibiwa "tutaona", ajue ndiyo jibu.

Na aulize wiki hii, isiwe ijayo, kwa sababu mechi tatu zimeshahesabiwa kwa yadi zisizofika kumi. Imebaki moja. Aombe ihifadhiwe hadi Novemba, siku ambayo wanaweza kumpa zamu mbili au tatu nzima na kumwacha arushe. Na kama Jumamosi hii kocha atamwita tena kwa ajili ya yadi moja, timu haina haja ya kwotabeki hapo. Mpira apewe yule kijana mnene wa mstari wa mbele.