Jibu: Kundi la wanawake lililoanzia kazini

Mkuu, umeuliza kama Afrika kuna kundi la wanawake watupu lililozaliwa kazini, kama bendi ya NUTA Jazz ya Tanzania ilivyotoka chama cha wafanyakazi, kisha likavuma. Lipo: Les Amazones de Guinée, la Conakry, mji mkuu wa Guinea.

Hao walikuwa askari kwelikweli. Mwaka 1961, enzi za Rais Sékou Touré, kina dada wa jandameri (polisi wa kijeshi) waliundiwa bendi yao. Mwanzoni walipiga vyombo visivyo vya umeme, mandolini na fidla zikiwamo; baadaye wakashika magitaa ya umeme, saksafoni na dramu. Na hapo ndipo ninapowavulia kofia, maana bendi zetu nyingi za dansi zilimwachia mwanamke maikrofoni tu, au jukwaa la kucheza shoo. Hawa gitaa la solo wao, besi wao, saksafoni wao.

Mwaka 1977 walikuwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Waafrika na watu weusi. Mwaka 1983 ikatoka albamu yao Au cœur de Paris, iliyorekodiwa wakiwa jukwaani Ufaransa, na hiyo ndiyo ya kuanzia: sikiliza gitaa linavyokimbizana na waimbaji kwa mtindo wa Kimandinka. Mmoja wao, Sona Diabaté, mtoto wa ukoo wa magrioti (waimbaji na wasimulizi wa jadi wa Afrika Magharibi), baadaye alitoa kazi zake mwenyewe. Bendi ilirudi na albamu ya Wamato mwaka 2008.

Ukitafuta, usiwachanganye na Les Amazones d'Afrique. Hilo ni kundi jingine, limeanzia Bamako, Mali, miaka ya 2010.